Shangazi wa Mbwa anajibu: kuchua, kukanda, na pale pa kuacha kabisa

Haya wapendwa, safari hii barua zimejaa neno moja tu, masaji. Sijui nani kawaambia ila nashukuru, maana hiki ndo kitu nakipenda kuliko vyote, nimekisomea na nimekifanya miaka mingi pembeni ya madaktari wa wanyama. Na kabla hamjaanza tena kuniita dokta, mi sio dokta, dokta ana kazi yake na mi nina mikono yangu. Barua nimezifupisha kidogo, zingine zilikua ndefu kama wosia.

Shangazi shikamoo. Nina Labrador wa miaka 11, asubuhi kuamka ni shughuli, anajivuta mbele nyuma inabaki, akishatembea kama dakika kumi anakua sawa kabisa ungedhani sio yeye. Daktari alimpiga eksirei akasema nyonga zote mbili zimelika, ana dawa ya maumivu anakunywa. Nasikia masaji inasaidia ila naogopa nisije nikamuumiza. Naanzaje? (Mama Bruno)

Marahaba mwanangu. Umeanzia penye kuanziwa, eksirei kwanza mikono baadae, wengi wanakuja kwangu wamegeuza. Na hiyo ya kukakamaa asubuhi afu akitembea anaachia ndo tabia yenyewe ya viungo vilivyolika.

Sasa najua unachowaza, unawaza tunaenda kuchua nyonga. Hapana. Nyonga iko ndani huko chini ya minofu, na gegedu likishalika hamna mkono wa kulirudisha, sio wako sio wangu. Tunachokichua ni misuli inayoteseka kwa niaba ya nyonga. Mbwa mzima akisimama miguu ya mbele inabeba kama asilimia 60 ya uzito wake, ya nyuma 40. Nyonga ikianza kuuma anausukuma uzito mbele, kichwa kinashuka, mabega na shingo yanafanya kazi ya watu wawili kutwa nzima, na mgongo katikati unajipinda kidogo kuisaidia ile nyuma isiguswe sana. Kwahiyo dawa inaituliza nyonga lakini bega limebaki limekaza kama kamba, na bega halikuandikwa kwenye cheti chochote. Mbwa wengi wa nyonga niliowashika, ile pumzi ndefu ya kwanza ya kuachia walitoa nilipogusa bega, sio nyuma.

Siku ya kwanza usichue kabisa. Nasema kabisa. Papasa tu. Subiri awe ametoka kutembea kidogo mwili umepata moto, amelala ubavu mwenyewe kwa hiari yake, usimlaze kwa nguvu. We kaa chini pembeni ya mgongo wake, usimwinamie juu ya uso maana hamna mbwa anaependa kuinamiwa, vua pete na saa. Kiganja chote kiwe bapa, anzia nyuma ya sikio, shuka shingo, bega, endelea pembeni ya uti wa mgongo, pembeni nimesema, zile pingili zenyewe usizibonyeze, nenda mpaka kiunoni, paja, goti, mpaka unyayo. Polepole kama mtu anaenyoosha shuka kitandani na mwenzie bado amelala. Halafu rudia, safari hii funga macho.

Kufunga macho sio mbwembwe. Mkono unatafuta vitu: wapi pana joto kuliko upande wa pili, wapi pagumu, wapi pamenywea, wapi ngozi inarukaruka ukipita. Bruno akisimama, we piga magoti nyuma yake, kiganja kimoja paja hili kingine paja lile, kwa wakati mmoja. Mbwa anaekwepa mguu mmoja utakuta paja la huo mguu limepungua, linajaa nusu kiganja wakati lile lingine linajaa kiganja kizima, kwa macho huwezi kuona kwa sababu ya manyoya. Mi mbwa wangu Popi nilimgundua goti hivohivo, alikua hachechemei hata kidogo, ni mikono miwili tu ilikataa kufanana, nikampeleka, daktari akaligeuza geuza lile goti akasema kano imeanza kuchanika.

Ukishamzoea hivo siku mbili tatu ndo unaanza kazi. Kwanza kukanda: taulo dogo, maji ya vuguvugu, likamue, lijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, kama kwako linachoma hata kidogo basi kwake pia, liweke kiunoni na kwenye paja dakika 10 mpaka 15 huku unamwangalia. Joto ni la maumivu ya zamani tu. Kikiwa kitu kipya, ameteguka jana na pamevimba, hapo ni baridi siku mbili tatu za mwanzo, na masaji hamna.

Halafu kuchua. Juu ya kiwiko cha mbele, nyuma ya bega, kuna msuli mkubwa kama pembe tatu, utaukuta hata kwa mbwa mdogo. Ushike kwa kiganja kizima, ubinye taratibu, uachie, sogea kidogo, ubinye tena, kama unga ule unaokandwa, na nadhani sio bahati mbaya Kiswahili kimetumia neno hilohilo. Usitumie ncha za vidole, ncha ndo zinaumiza. Nguvu kiasi gani? Funga jicho lako, bonyeza kope kwa kidole mpaka pale unapoona sasa inakera, hiyo ndo nguvu ya kuanzia, na usicheke, wiki nzima kaa hapohapo. Pembeni ya uti wa mgongo tumia vidole viwili bapa ufanye viduara vidogo, duara tatu, sogea, tatu, sogea. Kwenye miguu mikono ipande kutoka chini kwenda juu, kuelekea moyoni. Paja lenyewe la nyuma lichue, ila ukifika karibu na nyonga punguza, pita kwa kiganja tu kama ile siku ya kwanza.

Sehemu za kuruka: koo, tumbo, kwapa, kinena, na nyuma ya goti, kule kuna tezi na mishipa, hamna msuli wa maana wa kuchua. Na jeraha lolote, na uvimbe wowote ambao daktari hajauona.

Akiwa anapenda utajua, kope zinakua nzito, anashusha pumzi, mguu unalegea unakua mzito mkononi kama wa mtoto aliyesinzia, wengine wanakusogezea mgongo kabisa. Akiwa hapendi hasemi kwa meno kwanza, anaanza kwa adabu: anageuza kichwa kuangalia mkono wako, analamba midomo wakati hamna chakula, anatoa weupe wa jicho, anaanza kuhema na hamna joto. Ukiona hayo rudi ulikotoka, sehemu ya mwisho aliyoipenda, malizia hapo. Mi nilipoanza nilikua na kiherehere, nikaukuta mkazo kwenye kiuno cha Popi nikasema leo naumaliza, nikabonyeza vizuri tu kama wanavyotufanyia sisi, siku mbili nikikaa chini anahama chumba. Siku mbili! Kwahiyo angalia na kesho yake, Bruno akiamka mgumu kuliko kawaida jua ulizidisha, kata muda nusu na nguvu nusu.

Na angalia sakafu yako mama. Kama ni vigae vinavyoteleza basi kila ulichokichua jioni kinakaza tena usiku akienda kunywa maji, maana anatembea kama yuko kwenye barafu misuli yote imejibana. Tandika mikeka au mazulia njia anazopita, kata kucha, punguza manyoya katikati ya vidole.

Shangazi mimi nina ile dawa ya kuchua tunayotumia nyumbani, inanisaidia sana mgongo. Naweza kumpaka mbwa wangu wa miaka 9? Nimpake kidogo tu kwenye goti. (Msomaji)

Hapana. Hata kidogo tu. Ningeweza kuishia hapa ila najua mtu atasema shangazi mkali, ngoja nieleze.

Dawa nyingi za kuchua za watu zina mentholi, kafuri, na kitu kinaitwa methili salisileti, huyo ni ndugu wa aspirini. Kwako inakaa kwenye ngozi. Kwa mbwa inakaa kwenye manyoya, na mbwa akipakwa kitu goti anafanya nini? Anakilamba mpaka kiishe. Kafuri tumboni inaweza kumtia degedege, methili salisileti inamla tumbo. Zile jeli za maumivu zenye diklofenaki ni hatari vilevile, vidonda vya tumbo na figo, na hapo hata wewe ulojipaka mgongo wako afu mbwa akakulamba unahesabika. Zenye pilipili zinamuunguza. Mafuta ya mti wa chai ambayo watu wanayasifia ya asili ya asili, mbwa anaweza kutetemeka na kuishiwa nguvu miguu. Kama kuna paka humo ndani basi ndo zaidi, paka ana ini lisilojua kusamehe.

Na vidonge vya watu navyo hivohivo, ibuprofeni na parasetamoli usimpe kwa kukadiria. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa na daktari anapima dozi kwa kilo, muombe hizo.

Halafu masaji ya mbwa ni kavu, haina mafuta. Manyoya yenyewe yanateleza vya kutosha.

Habari za kazi. Swali langu, mbwa wetu tulimchukua akiwa mkubwa, hatujui alipitia nini. Anachechemea kidogo mguu wa nyuma kulia lakini ukimgusa tu kuanzia kiunoni anageuka anataka kung'ata. Watoto wameambiwa wasimsogelee. Nitamfanyiaje masaji mbwa wa hivi? (Baba wa watatu)

Nzuri baba watatu, na hapo kwa watoto umefanya sawa kabisa.

Kwanza tuelewane, mbwa anaegeuka kung'ata akiguswa sehemu moja, kila siku sehemu ileile, mi simuiti mkali, namuita mbwa anaeumwa mpaka daktari aniambie vinginevyo. Kwahiyo safari ya kwanza ni kwa daktari, na umwambie mapema hana mazoea ya kushikwa ili ajiandae, kuna wanaopewa dawa ya kutuliza kwanza ndo wanaangaliwa. Usimfunge mdomo nyumbani ukamchua kwa lazima, utafanikiwa mara moja tu na hiyo mara moja ataikumbuka.

Wakati unasubiri unaweza kufanya mchezo huu. Kaa chini, mgeuzie ubavu, usimwite. Akija mwenyewe mguse kifuani au pembeni ya shingo, sio kichwani, sekunde tatu. Toa mkono. Uweke pajani kwako. Sasa hapo usifanye kitu, angalia. Akisogea, akikugonga na pua, akiegemea, hiyo ni ndio, mpe sekunde tatu zingine. Akikaa tu kama sanamu au akiangalia pembeni hiyo ni hapana, hata kama hajaondoka, watu wengi wanamsoma vibaya mbwa aliyetulia tuli wanasema anapenda, kumbe ameganda anaomba iishe. Akiondoka mwache aondoke na usimfuate.

Hii inachosha, najua, inaweza kuchukua wiki unagusa kifua tu na kiuno hujakisogelea. Lakini mbwa anaejua kwamba akisema hapana mkono unatoka, hahitaji tena kutumia meno kusema. Nilikua na mmoja hivo, jike, kiuno chake nilikifikia siku ya ishirini na kitu, na nilikifikia kwa mgongo wa mkono, sio kiganja. Mgongo wa mkono hauwezi kushika, sijui wanajuaje lakini wanajua.

Shangazi nisaidie haraka, ka-dachshund kangu miaka 5 tangu jana jioni hakataki kuruka, mgongo ameukunja, leo asubuhi miguu ya nyuma inapishana kama amelewa na unyayo mmoja anaukunja anakanyagia juu. Nimchue wapi?

Popote usimchue. Huyu barua yake nilimjibu siku ileile pembeni, ila naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Mbwa wa mgongo mrefu miguu mifupi, na dachshund ndo namba moja, zile diski kati ya pingili za mgongo zinakauka mapema sana, bado kijana, halafu kati ya miaka 3 na 7 hivi moja inapasuka au inachomoza na kubana uti. Kutembea kama mlevi na kukanyagia juu ya unyayo maana yake ujumbe kutoka ubongoni haufiki vizuri miguuni. Hiyo sio misuli, ni neva, na ukianza kuminya mgongo wa hivo unaweza kusukuma kilichobaki.

Cha kufanya: mbwa kwenye kreti au boksi, asitembee, kumbeba mkono mmoja chini ya kifua mwingine chini ya makalio mgongo ukiwa umenyooka, na kwa daktari leo. Sio kesho asubuhi. Akifika hatua haisikii tena miguu hata ukiibana vidole kwa nguvu, hapo tunahesabu masaa, kila saa linalopita nafasi ya kutembea tena inapungua. Masaji itakuja baadae, akishatoka kwenye kipindi cha kufungiwa, ambacho mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6, na daktari ndo atasema lini.

Shangazi, mbwa wangu alikatwa mguu wa mbele kushoto mwaka jana baada ya kugongwa. Anakimbia vizuri, ana furaha, hana shida. Je kuna haja ya kumchua kweli?

Ipo, na nimefurahi umeuliza akiwa bado mzima, wengi wananiuliza siku mguu uliobaki umeanza kugoma.

Kuna kitu watu hawakijui. Sisi mkono umeungana na kifua kwa mfupa wa mtulinga. Mbwa hana, anacho kijimfupa kidogo sana kisichoshika kitu. Mguu wake wa mbele haujaungana na mwili kwa kiungo cha mfupa hata kimoja, kifua chake chote kimebebwa na misuli kama machela iliyofungwa kati ya mabega mawili. Sasa wako machela imebaki na kamba upande mmoja. Ule mguu mmoja unabeba peke yake mzigo wa mbele uliokua unagawanywa kwa miwili, na kila hatua ni kuruka, na ili aruke lazima arushe shingo juu. Mwangalie akitembea taratibu, kichwa kinapanda na kushuka kila hatua. Hesabu ni mara ngapi kwa siku!

Kwahiyo kazi yako iko pale shingo inapokutana na mabega, kifuani mbele upande wa mguu uliobaki, na ule msuli wa pembe tatu nilioueleza kwa Mama Bruno. Halafu kiunoni, maana nyuma nako kunajisogeza kati kutafuta mizani. Dakika kumi, mara tatu nne kwa wiki, na siku aliyokimbia sana usisahau. Kovu likishapona vizuri na daktari akakubali nalo lipapase, ngozi ya kovu huwa inavuta, wengine inawakera wanailamba mpaka inachubuka.

Na kilo. Mbwa wa miguu mitatu hana ruhusa ya kunenepa, samahani.

Mimi na mwenzangu tunabishana. Yeye anasema haya mambo ya masaji ya mbwa ni watu kutafuta kazi ya kufanya, mbwa ni mbwa, mpe dawa aendelee. Kuna ushahidi wowote shangazi au ni hisia tu?

Mwenzio mpe soda, ana nusu ya ukweli.

Tafiti za masaji ya mbwa zipo ila ni chache na ndogo, na nyingi zinamtegemea mwenye mbwa kusema ameona nafuu, na mtu aliyetumia jioni zake zote anachua hawezi kukuambia hakuona kitu, hata mi nisingesema. Mbwa akipapaswa taratibu mapigo ya moyo yanashuka, hilo limepimwa. Kwamba masaji inatibu viungo, inaondoa sumu mwilini, inafanya mbwa aishi miaka zaidi, anaekuambia hivo anakuuzia kitu.

Chenye ushahidi mzito kwa viungo ni uzito wa mwili, na hii nawaambia watu hawapendi kusikia. Walichukuliwa Labrador 48, wakapangwa wawiliwawili tangu watoto, mmoja akawa anapewa chakula pungufu kwa robo ya alichokula mwenzie, maisha yao yote. Matokeo yalichapishwa 2002: waliokula pungufu nusu yao walifika miaka 13, wale wengine nusu yao 11 na kidogo, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa sana hao waliokula pungufu. Karibu miaka miwili jamani, kwa kupunguza bakuli tu. Ukiniambia nichague kati ya masaji na kupunguza chakula kwa mbwa mnene mwenye nyonga mbovu nitachagua bakuli bila kufikiri.

Sasa nusu ya pili. Mbwa wako daktari anamwona mara mbili kwa mwaka, dakika ishirini, mbwa ana woga, misuli yote imekaza, maumivu ameyaficha maana mbwa wanaficha. We unamshika kila jioni. Kiuvimbe chini ya ngozi kikiwa saizi ya punje we ndo utakikuta, sio yeye. Joto kwenye kifundo kimoja, paja limepungua, sehemu aliyokua anaipenda leo ameikwepa, hizo ni habari ambazo hazipatikani kwa mashine yoyote, na daktari mzuri akizisikia anakaa vizuri kwenye kiti. Mi hata ikija kuthibitika kesho kwamba kuchua hakumpunguzii mbwa chochote bado nitakua nawashika kila siku kwa sababu hiyo tu.

Kama mwenzio akikubali mkaenda kwa mtu wa kulipwa, swali la kwanza analowauliza liwe daktari wenu amesemaje. Uingereza kwa mfano sheria inataka anaemfanyia mnyama fiziotherapia awe anafanya kwa maelekezo ya daktari wa wanyama aliyemwona huyo mnyama. Akianza kuchua bila kuuliza chochote, ondokeni.

Dakika ngapi, mara ngapi, kabla au baada ya kula?

Mbwa mdogo au mzee sana dakika 5 mpaka 10, mkubwa 10 mpaka 15, kila siku au kuruka siku. Baada ya kula subiri kama masaa mawili. Akiwa na homa hamna masaji, joto la kawaida la mbwa ni kama 38.3 mpaka 39.2, kwahiyo usishtuke kumwona wa moto kuliko wewe.

Mbwa wangu alipasuliwa goti wiki mbili zilizopita, rafiki yangu anasema nianze kumkunja na kumnyoosha mguu ili usikakamae. Sawa?

Huenda ni sawa na huenda sio, inategemea amepasuliwa kwa njia gani, na anaejua ni aliyeshika kisu. Mpigie. Akikuruhusu mwambie akuonyeshe kwa mikono yake, we urudie mbele yake, kwa sababu kukunja goti kuna mpaka, unaishia pale mguu wenyewe unapokataa, husukumi zaidi hata kidogo, mkono mmoja unashika juu ya goti na mwingine chini, kiungo kisining'inie. Mbwa akiwa amelala ubavu, mguu mgonjwa juu. Mara 10 mpaka 15 polepole, basi. Rafiki yako ana nia nzuri ila goti sio lake.

Wakati unasubiri jibu la simu mchue mabega. Wiki mbili anatembea kwa miguu mitatu, hayo mabega yanakusubiri.

Shangazi hili langu dogo. Mbwa wangu mzee nikimchua dakika tano tu ameshalala fofofo anakoroma. Niendelee au niache? Nikiendelea anasikia kweli?

Anasikia. Misuli iliyolala inachulika vizuri kuliko iliyo macho, we endelea, ila badilisha kidogo. Acha kubinya, baki na kiganja bapa tu, mkono mmoja uwe umetulia mahali pamoja, bega au ubavu, huo hauondoki, wa pili ndo unatembea. Ukiondoa yote miwili ghafla na kuirudisha atashtuka, mbwa wazee wengi masikio yameshachoka hawakusikii ukija, na mbwa aliyeshtuliwa usingizini anaweza kung'ata kabla hajajua ni wewe.

Ukimaliza acha ule mkono uliotulia pale mpaka uhesabu pumzi zake kumi. Ziwe za taratibu, zisizidi 30 kwa dakika. Halafu utoe polepole, na usiinuke bado, magoti yako nayo nyoosha kwanza.